Mtoto Asibebwe Mgongoni

Kanuni ya kumi na nne niliiandika mimi, kwa mkono wangu, asubuhi moja nikiwa na hasira. Wageni wa mradi walikuwa njiani kuja kukagua wodi, na nilipoingia nikamkuta mtoto wa kitanda cha sita ana kidonda kinachotoa usaha nyuma ya sikio, mahali ambapo upindo wa kanga ya mama yake ulikuwa ukimsugua kutwa. Nikapita kitanda hadi kitanda, nikakusanya kanga zote za kubebea, nikazishindilia kwenye gunia na kulifunga kwa kamba. Kisha nikafungua kitabu cha taratibu, na chini ya kanuni ya kumi na tatu, ile ya kunawa mikono, nikaandika: "Mtoto asibebwe mgongoni kwa siku zote za jaribio. Alazwe kitandani kwake." Wageni walifurahi mno. Mmoja alisema hajapata kuona wodi yenye nidhamu kama ile, nami mjinga nikavimba kichwa wiki nzima.

Kina mama hawakubisha. Mtu aliyesafiri siku mbili na mtoto ambaye kichwa chake kimezidi kiwiliwili habishani na muuguzi kuhusu kanga.

Naitwa Tekla Kitundu, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto katika hospitali ambayo watu wa Iramba wameizoea kwa jina la Vichwani. Tunawatibu watoto waliojaa maji kichwani. Zamani watoto hao waliwekewa mrija wa plastiki wa kuyatoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Mrija ule uliziba, uliingia wadudu, na mtoto alipokua wenyewe haukukua. Nimewafunika shuka watoto wengi kwa ajili ya mirija ile, na majina yao ninayo hadi leo.

Halafu mwaka 2068 ukaja mrija hai. Unakuzwa maabara kutokana na chembe za mtoto mwenyewe, unakua naye, hauozi. Ajabu yake kubwa ni vali, ile sehemu ndogo inayofungua na kufunga njia ya maji, kwa sababu inajifunza. Kwa siku arobaini za kwanza inayasoma maisha ya mtoto: analala vipi, analia vipi, maji yanapanda lini na kushuka lini. Siku ya arobaini na moja somo linafungwa na halifunguliwi tena. Bodi ya Vifaa vya Mwili ilikataa katakata kuwe na kitu kinachojibadilisha ndani ya kichwa cha mtoto miaka nenda rudi bila mtu kujua. Niliwaunga mkono, na sijaona kosa lao katika hilo.

Tulijaribu mrija kwa watoto mia mbili na kumi na wawili. Kila kitanda kilikuwa na kisomeo chini ya godoro, kikichukua habari za vali mtoto anapokuwa amelala. Watoto walipotoka walienda nyumbani na vitanda vyao, na mradi ukawapatia kina mama wasichana wa kuwasaidia kazi ili watoto wakae vitandani wasomwe mwaka mzima. Saa ambazo kisomeo hakikupata kitu, mashine ilizijaza yenyewe kwa kufuata saa ilizokuwa nazo. Watoto mia mbili na wanne walipona. Nililia siku matokeo yaliposomwa, na sikuwa peke yangu. Katika muda usiofika mwaka viwanda viliacha kutengeneza mirija ya plastiki, kwa kuwa hakuna aliyeitaka tena.

*

Mbula aliwekewa mrija wake miezi minane baada ya jaribio kwisha. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, ndiyo maana akapewa jina hilo, na mama yake analima vitunguu bondeni, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Alimaliza siku zake arobaini kitandani, kichwa kikapungua, macho yakanyanyuka, akatoka akicheka. Hakupewa kitanda cha kwenda nacho wala msichana wa kazi. Vile vilikuwa vya jaribio, na jaribio lilikuwa limekwisha.

Wiki ya tatu alirudi. Alikuwa anatapika, amelegea, na utosi umebonyea hata ungeweza kuweka yai lisibiringike. Dokta Msengi, daktari wetu wa upasuaji, akauliza kama mtoto aliharisha. Mama akasema hapana. Tukamlaza kitandani, kisomeo kikasema vali iko sawa kabisa, na kesho yake asubuhi Mbula alikuwa anavuta mirija ya dripu na kuchezea vidole vyake. Dokta akaandika kwamba alipungukiwa maji mwilini, tukamruhusu.

Akarudi tena, na mara ya tatu. Kila mara hali ilikuwa ile ile, kila mara kitanda kilimponya, na kila mara kisomeo kilituambia hana tatizo. Baadhi ya wauguzi wangu walianza kunong'ona kwamba huyu mama hamnyonyeshi mtoto, na ninaona aibu kusema kwamba nami niliwasikiliza.

Mara ya tatu tulipomruhusu niliwasindikiza hadi getini. Pale nje, mama akaitoa kanga begani, akainama, akamrusha Mbula mgongoni, akamfunika, akavuta ncha mbili mbele na kufunga kifuani. Kitendo hicho nimekiona maisha yangu yote, hata sikioni tena. Siku ile nilikiona. Mtoto alikuwa amesimama wima, kichwa juu, tumbo chini.

Nikamuuliza anambeba kwa muda gani kwa siku.

"Toka alfajiri mpaka jioni, Sista," akasema. "Kwani wewe ulibebwaje?"

Nikashika nguzo ya geti. Mtoto aliyelala, kichwa na tumbo viko usawa mmoja, na maji yanahitaji kusukumwa ili yaende. Mtoto aliye wima mgongoni, maji yanateremka yenyewe kama mtungi ulioinamishwa. Vali iliyojifunza maisha ya wima ingejua kubana. Ya Mbula ilisoma siku arobaini za kitandani, ikafunga somo, na sasa kila siku ilikuwa inaukausha ubongo wake kwa uaminifu mkubwa, kama tulivyoifundisha. Sisi wote tulikulia mgongoni, kuanzia Dokta Msengi hadi mfagizi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria mgongo wa mama kuwa kitu cha kupimwa.

Nikawarudisha ndani.

*

Dokta Msengi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hilo ni wazo tu, na wazo halitibu mtu. Kisomeo hakioni chochote. Nikamjibu kwamba kisomeo kiko chini ya godoro, kitamwonaje mtoto aliye mgongoni? Akataka uthibitisho.

Nikaenda kwa Mama Mbula, nikamweleza ninachoshuku na ninachotaka kufanya, na kwamba mtoto ataumia kidogo kabla hatujajua. Mwishowe akasema nimbebe mimi mwenyewe, ili asije akaambiwa tena kwamba yeye ndiye hajui kulea.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi, mbele ya wauguzi wangu wote, mimi niliyeandika kanuni ya kumi na nne nilifungua lile gunia, nikachomoa kanga moja iliyonuka vumbi, nikamfunga Mbula mgongoni. Nilitembea naye korido ile nikigawa dawa, nikiandika mafaili, nikikaripia watu. Saa tano akaanza kunung'unika. Saa sita alinyamaza, na kunyamaza kule sikukupenda. Nilipomshusha utosi wake ulikuwa umezama, macho hayashiki kitu. Dokta Msengi akaweka kidole pale utosini na kukiacha hapo kwa muda, kisha akaamuru alazwe haraka.

Kufika saa kumi kisomeo kikasema Mbula yuko sawa kabisa.

Nikamwambia mama kwamba kuanzia sasa asimbebe. Nililisema kwa ile sauti yetu ya wauguzi, ambayo haitarajii kujibiwa.

"Nimweke wapi, Sista?" akauliza.

Hakuwa anabishana, alitaka nimwonyeshe mahali. Akanieleza shamba lilivyo. Siku hizi palizi inafanywa na mashine za kampuni, zinapita kwenye mistari ya vitunguu bila mtu, na zimefundishwa kusimama zikiona mtu mzima. Mtoto aliyelazwa chini hazimjui. Mwaka jana zilipita juu ya mtoto wa jirani aliyekuwa amelazwa kwenye tandiko kivulini. Nyumbani hakuna mtu, mume yuko migodini, wakubwa wawili wako shule na wakirudi wanamfuata yeye shambani. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuulizwa swali jepesi namna ile likanishinda.

*

Bodi ina fomu moja ambayo muuguzi mkuu wa kila kituo hujaza kila mwaka, inaitwa Fomu ya Hali Halisi. Ina maswali thelathini na moja. Thelathini ni ya vidonda, homa na idadi. La thelathini na moja linauliza: "Je, mazingira ya jaribio yalilingana na maisha ya kawaida ya watoto watakaotumia kifaa hiki?" Unaweka alama ya ndiyo au hapana. Mwaka ule wa kwanza niliweka ndiyo bila hata kukaa chini, nikiwa nimeshika kikombe cha chai.

Sasa nilikuwa nimekaa ofisini kwa Dokta Msengi, fomu ikiwa mezani kati yetu, na nilimwambia nitaweka hapana.

Dokta Msengi si mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mbaya. Alizika watoto wale wa mirija ya plastiki pamoja nami, na siku nyingine alienda misibani kwa miguu yake. Akageuza skrini ya mezani nikaona orodha ya foleni. Watoto sitini na mmoja, hapa kwetu tu, vichwa vinakua kila siku.

"Hapana moja inasimamisha mrija nchi nzima," akasema. "Plastiki haipo tena. Hawa watafia hapa hapa kwenye veranda, Sista Tekla, na wewe ndiye utakayewafunika. Ukinyamaza, watakaobebwa sana wataumia polepole, na huenda wengine wasiumie. Nimelipima kila upande. Sijaona mahali pa kusimama."

Nikamwambia lipo jambo jepesi kuliko yote. Tuwaache mama wawabebe watoto zile siku arobaini, vali ijifunze mgongo. Akatabasamu vibaya. Akaniuliza ni watoto wangapi waliojifunza hivyo tunaowajua. Hakuna hata mmoja. Hatujui kama vali itabana vya kutosha, au itabana kupita kiasi mtoto akilala usiku. Nilichonacho ni saa nne za mtoto mmoja kwenye korido, na hizo zilionyesha ubaya tu, hazikuonyesha tiba.

Alikuwa sahihi. Bado niliweka alama ya hapana, maana huo ulikuwa ukweli, na kwenye nafasi ya maelezo nikaandika kila kitu: gunia, kanga, korido, pendekezo la siku arobaini za mgongoni. Nikaomba pia Mbula afanyiwe upasuaji upya, awekewe mrija mwingine ambao haujajifunza chochote. Dokta akaisoma fomu, akatia sahihi yake chini ya yangu.

*

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na tisa. Siku zote hizo Mama Mbula alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, watoto wake wakubwa wakila kwa jirani, vitunguu vyake vikiliwa na magugu.

Bodi haikusimamisha mrija. Ilitushukuru kwa umakini wetu. Ilisema jaribio lilikuwa sahihi kwa sababu lilifuata taratibu zake zote, pamoja na kanuni ya kumi na nne, na kwamba madhara yametokea pale ambapo kanuni hiyo haikufuatwa. Hivyo tangu sasa kanuni ya kumi na nne ni ya taifa zima, itasomwa kwa kila mama kabla ya upasuaji naye aikubali kwa kidole gumba. Kubeba watoto ndani ya siku arobaini ni jaribio jipya, litahitaji miaka isiyopungua minne. Upasuaji wa pili kwa Mbula haukukubaliwa, kwa kuwa usomaji wa vali yake ni wa kawaida. Kwenye faili lake wakaongeza mstari mmoja: mzazi hakufuata maelekezo.

Nilikaa na karatasi ile saa nzima. Nilijipalia makaa mwenyewe, sawa, lakini makaa yalikuwa yamemwangukia mtu mwingine.

Nilipanga kumsomea mama kwa kuruka huo mstari. Yeye akanyoosha mkono, akaichukua, akaisoma mwenyewe hadi mwisho, kwa haraka kuliko ambavyo ningeisoma mimi. Miezi yote ile niliyomjua nilidhani hajui kusoma.

"Maelekezo haya sikupewa," akasema. "Siku ile ya kutoka mlinipa dawa na tarehe."

Nikakubali kwamba hakupewa.

"Nani aliitunga hii kanuni?"

"Mimi."

Akanitazama. Ningefurahi kama angepiga kelele. "Una watoto, Sista?"

"Watatu."

"Uliwalaza?"

"Niliwabeba," nikasema.

Akaikunja karatasi mara nne na kuifunga kwenye pindo la kanga. Akamtazama Mbula, ambaye alikuwa amelala chali akiongea na dari. Kisha akaniuliza kama mtoto ataishi akibaki pale kitandani. Nilimwambia ndiyo, akilala ataishi, pengine hadi ule mwaka ambao Bodi itabadili mawazo. Akauliza kama akienda naye ataishi. Sikumjibu, naye hakurudia swali.

Alimnyonyesha mara ya mwisho bila kumnyanyua, ameinama juu ya kitanda, mgongo umepinda. Alipotoka aliifunga ile kanga mgongoni kwake kwa mazoea, fundo kifuani, haina mtu ndani. Alifika getini ndipo akagutuka na kuifungua. Nilimwona kutoka dirishani na nililia, na machozi yangu hayakumsaidia mtu.

*

Jumatatu iliyofuata Dokta Msengi aliwafanyia upasuaji watoto sita wa kwanza kwenye foleni. Kina mama wakaweka vidole gumba kwenye kanuni ya kumi na nne. Walipomaliza nikafunga mlango wa wodi, nikaburuta gunia hadi katikati, nikawaambia kila mmoja achukue kanga. Nikawaeleza ukweli wote: kwamba hakuna aliyewahi kufanya hivi, kwamba huenda nakosea, kwamba kidonda kikitunga usaha waniite hata kama niko chooni, na kwamba nikiulizwa nitasema niliwalazimisha. Mama mmoja akaanza kucheka kwa furaha, mwenzake akamnyamazisha. Wakawabeba wote. Dokta alikuja, akasimama mlangoni, akaona migongo sita yenye watoto, akageuka na kurudi alikotoka. Hajanikataza wala hajaniruhusu.

Sasa ni wiki ya tano na migongo ni kumi na tisa. Watoto wanaendelea vizuri, kwa jinsi ninavyoona kwa macho na vidole. Vidole vyangu tu ndivyo vinavyojua. Vitanda kumi na tisa viko vitupu mchana kutwa, visomeo havipati kitu, na mashine inazijaza zile saa kwa kufuata mtoto pekee aliyelala wodini. Mbula. Pumzi zake, vali yake, utulivu wake unaandikwa kwenye mafaili ya wenzake wote, na kila Ijumaa unaenda Bodi. Nikisema ukweli, upasuaji wetu unasimamishwa na waliobaki kwenye foleni wanakosa mrija. Nisiposema, hospitali nyingine zinasoma takwimu zangu na kuamini kwamba kulaza ndiko kunakoponya, na huko kuna kina mama ambao hawana Sista mwenye gunia. Nimechagua walio mbele yangu. Sijui kama nitasamehewa na wale nisiowaona, na sijaomba.

Jana tumeletewa barua ya pongezi. Wodi yetu inaongoza nchini kwa kufuata kanuni ya kumi na nne, na wageni watakuja kujifunza.

Mbula ametimiza miezi kumi. Mama yake huja Jumapili moja baada ya nyingine, anakaa kitini, anaondoka kabla jua halijashuka. Siku nyingine zote mtoto anatazama wenzake wakipita migongoni, wanaenda dirishani, wanarudi, wanasinzia huku mama zao wakiosha vikombe. Wiki hii amejifunza jambo jipya. Nikipita karibu ananyoosha mikono yote miwili juu kwangu, vidole vimetanuka, anangoja. Namgeuza ubavu, naweka mto sawa, naangalia kisomeo, naandika kwamba yuko sawa kabisa. Mikono bado iko juu.